Bao la mninga, la mvule au la simu: nichukue lipi?

Kete_Moja: Wakuu, nanunua bao wiki hii. Fundi ana mawili, la mninga na la mvule, bei zinakaribiana. Mdogo wangu anasema tucheze la kwenye simu tu. Ushauri?

Mzee wa Baraza: Mkuu, hujasema wachezaji ni akina nani, litakaa ndani au nje, wala vishimo vina upana gani. Tutabahatisha tu.

Patasi: Ukavu kwanza, mti baadaye. Mbao mbichi hukauka haraka kwenye ncha kuliko katikati, na hapo ndipo inapopasuka. Kuna kijiwe walinunua bao la mninga linang'aa kwa vanishi. Miezi mitatu tu, ufa ukapenya kishimo cha kichwa, kile cha mwisho wa safu. Kete zikawa zinanasa humo, mtu akisomba anaacha moja nyuma, mwendo unaishia kishimo kingine, ugomvi. Wakaziba kwa gundi na unga wa mbao, kiangazi kikaja ukafunguka tena. Kagua ncha zote mbili: ukiona kiini cha mti, liache hapo hapo.

Komwe64: Na kete mnazisahau! 64, ongeza 6 za akiba. Komwe, zile mbegu za mkomwe, si kokoto. Kokoto hukwaruza mbao. Kishimo kiwe sentimita 6 au 7, kina 3, chini kama bakuli. Kikiwa na kona, vidole havisombi zote.

Namua: La simu linamfaa anayejifunza, halikubali mwendo wa makosa.

Mzee wa Baraza: Linakuhesabia pia, ndugu yangu. Kujua kete zitaishia wapi kabla hujazigusa ndio mchezo wenyewe.

Namua: Basi aanze na bao la kujifunza: kete mbili mbili kwenye vishimo vyote 32, hakuna kunamua, yaani kutia kete za mkononi moja moja.

Mzee wa Baraza: Hapana, aingie la Kiswahili moja kwa moja. Kila mchezaji kete 6 kwenye nyumba, kile kishimo maalumu cha safu ya mbele, mbili mbili kwenye vishimo viwili vya kulia kwa nyumba, 22 zibaki mkononi, kila zamu anatia moja. Kumbana mpinzani hufundishwa na kunamua.

Namua: Mgeni atajuaje lini nyumba isafiri, kete zake zisombwe, na lini ilale, ziachwe? Wiki ya kwanza atakata tamaa.

Kete_Moja: Samahani wakuu. Ni mimi na baba, yeye anajua. Litakaa kibarazani, jua la asubuhi linafika.

Patasi: Chukua la mvule kama limekauka. Paka ncha nta, na mchana lifunike kwa kanga.

Komwe64: Mninga mzuri haushindwi na jua la asubuhi. Kete je, fundi anakupa?

Kete_Moja: Anatoa kokoto. Niko Dodoma, komwe nitazipata wapi?

Komwe64: Mkomwe huota vichakani karibu na bahari. Agiza kwa mtu wa Bagamoyo, mwambie achague za ukubwa mmoja.