Tupeane uzoefu: riwaya gani ya Kiswahili umeisoma bila kusukumwa na mtihani?

Wadau, salaam. Wengi wetu tulizijua riwaya kwa fani na maudhui, tukajibu maswali, kitabu kikarudi kabatini. Sasa hivi nairudia Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, niliyoisoma kidato cha tano. Wakati ule Yasmin alikuwa "nafasi ya mwanamke katika jamii", basi. Safari hii namwona binti mdogo wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mwanamume wa umri wa babake, na nikifika anapoamua kuondoka nafunga kitabu kwanza nipumue. Siasa za Denge na wenzake wanaopinga ukoloni nazo nazielewa zaidi sasa, maana nimeshafanya kazi, nimeshaona bosi na mfanyakazi. Nanyi mnasoma nini? Semeni na sababu, jina la kitabu peke yake halitoshi.

Mtoto wa Malindi (Unguja)
Mie naisemea Kuli, ya Adam Shafi huyo huyo. Marehemu baba alikuwa mchukuzi bandarini. Macho yalipomwishia nguvu nikawa namsomea baada ya sala ya isha, kurasa chache chache. Habari za mgomo wa wachukuzi wa bandari wa 1948, uliomo kitabuni, alikuwa akizisikia kwa wazee wake wa kazi, kwa hiyo hakuwa msikilizaji wa kukaa kimya. Nikisoma gunia limebebwa, ananisimamisha anieleze linavyokaa begani, nani anasaidia kulipandisha, na kwa nini mtu akiteleza kwenye ubao hageuki nyuma. Tulipofika baba yake Rashidi, mhusika mkuu, anafia kazini, akaniambia nisiendelee usiku ule. Kesho yake alianza yeye kuhadithia, akitaja majina ya watu aliowajua walioanguka hivyo hivyo. Mambo hayo hakuwahi kutuambia watoto wake. Mwenye mzee aliyefanya kazi za bandari, au za mashamba ya karafuu, amsomee kitabu hiki kwa sauti.

Mama Wawili (Mwanza)
Poleni na hongera, kaka wa Unguja. Mimi napendekeza Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971. Iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na ndiyo maana mama zetu waliisoma kwa kujificha. Mimi nimemnunulia binti yangu aliyeingia chuo mwaka huu. Kuna wanaosema kitabu kile kinafundisha uhuni. Sikubali kabisa. Kinamshitaki Zakaria, baba anayemchapa bintiye kwa barua ya mvulana huku yeye mwenyewe pombe imemshinda. Ukimfungia mtoto kila mlango bila kuzungumza naye, akitoka nje hana anachokijua. Tumekisoma wote wawili kisha tukaongea mambo ambayo mimi na mama yangu hatukuwahi kuyagusa.

Mwalimu wa Kitale
Kwetu Kenya Siku Njema ya Ken Walibora ilitahiniwa, lakini mimi naisoma kwa raha zangu kila likizo ndefu. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta baba, na safari inamleta mpaka huku kwetu. Kwa mtoto wa bara aliyeambiwa kwamba Kiswahili ni cha watu wa pwani, kuona mji wako umeandikwa kwa Kiswahili kitamu namna ile ni jambo kubwa. Walibora alituacha 2020, na pengo lake bado liko wazi.

Tanga Raha
Mwalimu, karibu Tanga. Baada ya hapo msome Shaaban Robert, Utubora Mkulima.

Binti wa Muscat
Assalamu alaykum. Mimi nimezaliwa Oman, wazazi wa Unguja. Nasoma Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobeli 2021. Kwa Kiingereza nilikuwa nimeshaisoma. Lakini Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake, nilimsikia vizuri zaidi kwa Kiswahili. Maneno ya wale wachukuzi wa msafara, matusi yao, dua zao, utani wa dukani: yote yanakaa mahali pake. Kwa sisi tuliokulia Ghuba, ambao Kiswahili chetu ni cha jikoni na cha simu na bibi, ni kitabu cha kusoma polepole. Neno likinishinda namuuliza mama.

Dereva Msomaji (Dar)
Hicho Peponi kinapatikana wapi, dada?

Binti wa Muscat
Wachapishaji ni Mkuki na Nyota, wako Dar hapo hapo, kaka. Kilitoka 2022.

Dereva Msomaji (Dar)
Asante sana. Mimi nikisubiri abiria nasoma za upelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, Bwana Msa na kiko chake, haichoshi. Yeye hapigi mtu ngumi, anakaa anafikiri. Baada ya hapo msome Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Musiba, ukitaka mbio.

Mama Wawili (Mwanza)
Mwenye Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed aniazime, nitatuma nauli ya basi kwenda na kurudi.

Tanga Raha
Ninayo, dada. Jalada limechanika lakini kurasa zote zipo. Nitaipeleka stendi Ijumaa.