Kila nikienda naambiwa "huo ni mgongo wa jeshi"

Mstaafu_Masindi:
Wakubwa habari zenu. Mimi ni veterani, Somalia nimefika, sasa niko kijijini nalima mahindi. Mgongo unaniuma muda mrefu na si ule wa jembe, huu unauma hata nimelala, jioni joto linapanda kidogo, usiku shati linalowa jasho, suruali zote zimekuwa kubwa. Kituo cha afya cha serikali kila mara nakuta mtu mpya, akisikia tu nilikuwa askari anacheka, "afande ulibeba mizigo sana", napewa Panadol naenda nyumbani. Kuna siku kipimo kilisema sina malaria, na dawa za malaria wakanipa hivyo hivyo!! Daftari limejaa miandiko na hakuna anayefungua ukurasa wa nyuma kuona mwenzake aliandika nini. Juzi nikauza mbuzi nikapiga eksirei kliniki ya mtu binafsi, kaandika mfupa umelika, huenda ni TB. Kuirudisha serikalini, kijana ananiambia TB ni ya kukohoa na mimi sikohoi. Jamani TB inaingia mgongoni kweli?

Nesi_Mbale:
Pole mzee wangu. Inaingia, tena kwa mifupa yote mgongo ndio inaupenda zaidi, na mapafu yanaweza kuwa mazima kabisa ndio maana hukohoi. Hata makohozi wakiyapima kwa GeneXpert, ile mashine ya kutafuta TB, yanaweza kutoka safi, kwa hiyo isiwe ndio mwisho, unahitaji picha ya MRI au CT, zinazoonyesha ndani kuliko eksirei, na wakiweza watoe usaha au kanyama pale pale wapime. Dawa za TB serikalini ni bure ila za mfupa zinamezwa muda mrefu kuliko za mapafu. Miguu je? Mkojo unaushika?

Kamanda wa Shamba:
Afande nakuelewa. Mogadishu 2009 vijana wa jeshi walivimba miguu, wengine wakafa, mwanzo ugonjwa haujulikani, kuja kuchunguza vizuri ni beriberi, yaani chakula hakina vitamini B1! Sasa mtu akiniambia "ni mambo ya jeshi" namuuliza jambo gani, liandike kwa daftari na jina lako.

opd_tu:
Mimi niko upande ule wa meza. Klinikal ofisa, yaani tabibu, ni mmoja, watu wamejaa mpaka nje chini ya mwembe, filamu ya eksirei hakuna, utasoma daftari saa ngapi? Lakini kumpa dawa ya malaria mtu ambaye kipimo kimekataa, hapo sitetei. Mzee dai barua ya rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ukiwa nayo na ile picha huanzi upya.

Mstaafu_Masindi:
Asante sana. Nesi, mkojo uko sawa, ila mguu wa kushoto umeanza kuburuta, nilidhani ni uzee.

Nesi_Mbale:
Mzee hapana, huo si uzee, uti wa mgongo unabanwa na ukichelewa mguu unaweza usirudi. Nenda LEO, barua usiisubiri, pita emajensi uwaambie mguu kwanza kabla ya maumivu. Na usipande boda, tafuta gari ulale kiti cha nyuma.