Bolti imekatikia kwenye silinda hedi na nafasi ni finyu: nichomelee nati, nitoboe, au nishushe hedi?

Spana Kumi: Ndugu wanajukwaa, naomba ulinganisho. Bolti ya M8 (kipenyo cha milimita nane) ya manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi wa injini, imekatika kwenye silinda ya mwisho, pale injini inapokaribiana na ukuta wa kabini. Hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda, ni ya alumini. Kipande kilichobaki kimechomoza milimita tatu hivi, na drili ya kawaida haiingii hata ikilazwa. Ninafikiria ama kuchomelea nati, ama kutoboa na kutumia kichomoa bolti (chuma kinachokazwa kinyume ndani ya tundu ili kikizungushe kipande kitoke), ama kushusha hedi nzima. Nianze na ipi?

Fundi Mtulivu: Kwanza tueleze, mkuu, bolti ilikatika wakati gani. Ikiwa ilikatika ikikazwa, kipande kilichobaki kwa kawaida hakijashikwa na kutu, na pengine utakizungusha kwa kukigonga ukingoni kwa patasi ndogo. Lakini ikiwa ilikatika ikifunguliwa, maana yake kutu ilikuwa imeishinda bolti nzima. Kichomoa chembamba kinachoingia kwenye tundu la milimita nne kitapata wapi nguvu ambayo bolti yenyewe haikuwa nayo? Chuma chake ni kigumu mno na hukatika bila kupinda, na kikikatikia ndani, biti ya kawaida haikitoboi tena.

Spana Kumi: Ilikatika ikifunguliwa.

Moto Mdogo: Basi mimi ningechomelea nati. Chagua nati yenye tundu pana kidogo kuliko kipande hicho, uanze kuchomelea katikati, juu ya kipande chenyewe, hadi tundu lijae. Cheche za chuma hazishiki vizuri kwenye alumini, kwa hiyo hesi za hedi (mifereji inayoshika bolti) huwa salama kuliko watu wanavyodhani. Faida kubwa ni joto lenyewe, ambalo hupasua kutu kutoka ndani. Subiri wekundu uishe, kisha zungusha nati mbele na nyuma kidogo kidogo huku ukiongeza mafuta ya kulainisha kutu; ikigoma, usiilazimishe, ichomelee upya. Chomoa betri kabla ya yote, na mafuta ya kupuliza yasikaribie moto.

Gia ya Nne: Kwa heshima, nafasi anayoieleza ina nyaya, bomba la breki na kitambaa cha kuzuia joto, na bunduki ya kuchomelea inahitaji kuona inapolenga. Mimi ningetumia drili yenye kichwa cha pembe na biti fupi zinazokata kinyumenyume, kwa sababu biti ya namna hiyo ikinasa hukifungua kipande badala ya kukikaza. Tatizo ni kupata katikati. Alumini ni laini kuliko bolti, hivyo biti ikiteleza kidogo tu itakimbilia kwenye hedi. Rudisha manifoldi kwa bolti zilizobaki, uweke kijibomba cha chuma ndani ya tundu lake, nacho kitaiongoza biti. Ukifika milimita 6.8 ukiwa katikati, hubaki utando wa hesi tu, unaotolewa kwa ncha kali.

Fundi Mtulivu: Ushauri wa kijibomba ni mzuri, ila hiyo ndiyo sababu nati itangulie. Ili biti ikae, lazima kipande kikatwe kiwe bapa, na kikishakatwa hakuna tena pa kuchomelea nati kwa urahisi. Ukianza na nati ikashindikana, kutoboa bado kupo. Kuhusu nafasi, fungua vishikio vya injini vya upande mmoja, uinamishe injini kwa jeki yenye ubao juu yake. Sentimita chache hutosha, mradi uangalie mipira ya rejeta isivutike. Kushusha hedi kunadai gasketi mpya na kazi nyingi, kwa hiyo kungoje hadi hesi zenyewe ziwe zimeharibika.

Spana Kumi: Nimeelewa. Nitainamisha injini, nifunike nyaya na bomba la breki, kisha nichomelee nati. Je, bolti mpya nizipake grisi ya kuzuia kutu?

Moto Mdogo: Zipake, lakini iwe ile inayostahimili joto la ekzosi, na upunguze nguvu ya kukaza. Kipimo cha kitabu cha gari kwa kawaida huchukulia hesi kavu, na hesi yenye grisi huvutwa zaidi kwa nguvu ileile ya spana.