Adrenalini ni ya papo hapo, kwa nini haidrokotisoni inachukua saa kadhaa?

Mwanafunzi_CO: Wakuu, mgonjwa wa mzio mkali akichomwa adrenalini, presha inapanda ndani ya dakika chache. Haidrokotisoni, hata ikipitishwa mshipani, tunaisubiri saa kadhaa. Zote ni homoni za tezi ileile ya juu ya figo. Tofauti iko wapi?

Fiziolojia_Kwanza: Tezi moja, kemia mbili. Adrenalini inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo haipenyi utando wa seli, ambao ni wa mafuta. Inabisha hodi nje. Kwenye mishipa ya damu inashika kipokezi (protini inayopokea ujumbe wa homoni) cha alfa 1: kalsiamu inafunguliwa, mshipa unabana. Kwenye njia za hewa inashika beta 2: protini G (swichi iliyo ndani ya utando) inawashwa, cAMP (kijumbe cha ndani ya seli) inaongezeka, misuli inalegea. Mitambo yote hiyo imo tayari ndani ya seli, inangoja kuwashwa tu. Tena kila hatua inazidisha ujumbe, ndiyo maana miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja inamtosha mtu mzima, na unaweza kurudia baada ya dakika 5 asipopata nafuu.

Haidrokotisoni ndiyo kotisoli yenyewe, zao la kolesteroli. Inapenya utando, inakutana na kipokezi chake ndani, wanaingia pamoja kwenye kiini na kushika DNA. Jeni nyingine zinawashwa, nyingine zinazimwa, kisha protini mpya zitengenezwe. Hiyo si kazi ya dakika. Kwa hiyo usianze na haidrokotisoni ukaiacha adrenalini ingoje; kosa hilo linaua.

Tezi_na_Homoni: Nyongeza: msikariri kwamba homoni yoyote ya asidi amino inaishia nje. Adrenalini na thairoksini (homoni ya tezi ya shingo, yaani T4) zote zinatokana na asidi amino tairosini, lakini T3 (umbo tendaji la thairoksini) kipokezi chake kimekaa juu ya DNA kabisa. Na T4 inachukua kama siku 7 kupungua nusu kwenye damu, ndiyo maana TSH (homoni inayoiamuru tezi hiyo ya shingo) inapimwa wiki 6 hivi baada ya kubadili dozi ya thairoksini. Ukiongeza wiki ya pili kwa sababu mgonjwa bado amechoka, utamzidishia, moyo uanze kwenda mbio.

Mwanafunzi_CO: Asante sana. Insulini je?

Fiziolojia_Kwanza: Nje pia, ila kipokezi chake chenyewe ni kimeng'enya. Kikiamka, vifuko vya GLUT4 (milango ya glukosi) vinapanda kwenye utando wa seli za misuli na mafuta, glukosi inaingia. Kwenye kisukari aina ya 2 insulini ipo, kipokezi kipo. Ujumbe unakwama zaidi hatua za mbele yake.