Chati mpya leba inajazwa saa 12 asubuhi. Nifanyeje na timu yangu?

Inchaji_Leba
Shikamooni wakubwa, habari zenu wenzangu. Mimi ni inchaji wa leba, hospitali ya wilaya, nina wakunga 11. Miezi mitatu iliyopita tuliambiwa tuache patografu, ile chati ya zamani ya kufuatilia uchungu, tutumie chati ya WHO ya 2020, LCG (Labour Care Guide). Mafunzo siku moja, walikwenda wawili.

Juzi nimeingia saa 12 na robo, nikakuta chati ya mama aliyejifungua saa 9 usiku ndiyo kwanza inajazwa. Mapigo ya mtoto: 140, 140, 142, 140, mwandiko mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Pembeni ipo patografu ya zamani, imekunjwa, ina alama za vidole vya jeli. Hiyo ndiyo iliyotumika kweli. Nikafoka mbele ya wanafunzi. Niliyemfokea ndiye mkunga aliyenipokea mimi nikiwa mwanafunzi. Tangu hapo, kwenye makabidhiano wanasaini tu na kuondoka, hakuna anayeniuliza kitu. Inaniuma sana.

Mkunga_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Kamwombe radhi, na wale wanafunzi wawepo. Kisha muulize patografu inampa nini. Nadhani atakutajia mstari wa tahadhari. Njia ifunguke sentimita moja kila saa, ukitupa jicho unajua mama amekwama. Chati mpya haina mstari ule, mkunga wa siku nyingi anajiona yuko gizani. Mwonyeshe kilichoshika nafasi yake: uchungu kamili unahesabiwa kuanzia sentimita 5, na kila hatua ina muda wake wa kushtuka. Akikaa kwenye 5 masaa 6, kwenye 6 masaa 5, kwenye 7 masaa 3, kwenye 8 mawili na nusu, kwenye 9 mawili. Yabandike ukutani.

Na ile sehemu inayouliza kama mama ana mtu wa kukaa naye, kama amekunywa chochote, isomeni pamoja. Hayo yeye ameyafanya miaka yote bila kupata pa kuyaandika.

Zamu_ya_Usiku
Dada, mimi ni mmoja wa hao wanaojaza asubuhi. Usiku tuko wawili, kina mama watano. Mapigo kila nusu saa, mama akianza kusukuma kila dakika 5. Ukiniachia chati mbili, mkono utakwenda kwenye ile unaoijua. Patografu zitoe kwenye droo zote. Na ukikuta nafasi tupu usigombe. Hapo utaona tulizidiwa saa ngapi, ukaombe mtu wa kuongeza kwa matroni.

Inchaji_Leba
Nimerudi. Jana nilijipanga zamu ya usiku pamoja naye, nikamwomba radhi wanafunzi wakisikia. Hakujibu. Baadaye akavuta chati: "Huyu yuko 7 tangu saa 4. Nishtuke saa ngapi?" Nikamwambia saa 7. Akaiandika pembeni, akaizungushia duara.

Saa 7 akanigusa bega. "Bado 7. Daktari nimeshamwita."