Mrejesho: laptopu kwa kila mwanafunzi darasani

Wakuu, niliuliza nijiandae vipi kabla wanafunzi wangu hawajaanza kutumia laptopu, kila mmoja na yake. Asanteni sana kwa majibu. Ushauri wa kubandika namba kwenye kila mashine, na namba ileile kwenye chaja yake, umemaliza ugomvi wote. Agizo la "funikeni nusu" nalo limekubali: skrini zinashuka, macho yanarudi kwangu. Kilichogoma ni intaneti. Wote 38 walipofungua video kwa pamoja, ilikwama kabisa. Sasa naipakua mapema na kuwagawia kwa flashi. Nywila bado wanazisahau, hasa Jumatatu, hilo sijalipatia dawa. Uliyesema nianze na kipindi kimoja tu kwa wiki, Mungu akubariki.