Tupeane uzoefu: dalili za paka zisizongoja kesho

Mwanzilishi, Umoja: Wadau, paka akiumwa hujificha. Utamkuta chini ya kitanda au nyuma ya masufuria, na hapo hali imeshaharibika. Kila mmoja aweke dalili anayoijua vizuri na la kufanya.

Mzee wa Kabete: Nianze na inayoua haraka. Dume anaingia kwenye beseni la mchanga, anachuchumaa, analia, anatoka, baada ya dakika tano amerudi. Anajilamba chini kila saa. Angalia mchanga: ni mkavu, au una tone moja lenye damu. Wengi hudhani amefunga choo na kumnywesha mafuta ya kupikia. Sivyo, huyo mkojo umeziba. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, na chembe laini kama mchanga zikishikana na ute huifunga kabisa. Figo zinashindwa kusafisha damu, potasiamu (madini yaliyo kwenye damu) inapanda, moyo unasimama. Hilo hutokea ndani ya siku moja au mbili. Tumbo la chini utahisi kitu kigumu cha duara kama limau, hicho ni kibofu kilichojaa. Usikibinye, kinaweza kupasuka. Mpigie daktari wa mifugo, sema "dume, hajakojoa tangu saa fulani", na uondoke saa hiyo hiyo, hata usiku.

Shangazi wa Kayole: Mzee amesema kweli. Naongezea kinga: anayekula chakula kikavu kitupu, kiloweke kwa maji, na bakuli la maji likae mbali na beseni la mchanga.

South B: Dalili yangu mimi ni pumzi. Akiwa amelala fofofo, kifua kikipanda na kushuka hiyo ni moja. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Ikizidi 30 kwa dakika na ukirudia bado iko hivyo, mpeleke. Akihema mdomo wazi kama mbwa, usihesabu, kimbia naye. Kisha inua mdomo wa juu utazame ufizi. Ukiwa wa manjano, shuku ini. Ukiwa mweupe kwa kitoto cha paka, chana manyoya juu ya karatasi nyeupe iliyolowa: vumbi jeusi likiacha doa jekundu, ni kinyesi cha viroboto, na damu hiyo ni ya paka wako.

Mzee wa Kabete: Na hao viroboto, jamani, msiwaue kwa dawa ya kupe ya ng'ombe kutoka agrovet, wala dawa ya mbwa yenye permethrin (sumu ya wadudu). Paka hutetemeka, kisha degedege. Ikishampata, mwoshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunike, mpeleke. Panadol pia ni sumu kwake: mwili wake hauwezi kuivunja parasetamoli, ufizi unageuka kahawia, uso na miguu inavimba. Hata nusu kidonge inaweza kumuua.

Mgeni, Rongai: Na asipokula tu, bila dalili nyingine?

Shangazi wa Kayole: Mwanangu, usingoje wiki. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili hujazana kwenye ini. Mpashie supu ya omena bila chumvi wala kitunguu, harufu ipande. Saa 24 zikipita hajagusa, mpigie daktari.

South B: Wenye paka weupe: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu na jua letu ni kali. Kigaga kwenye ncha ya sikio au puani kisichopona kwa wiki tatu, usiseme alipigana. Huenda ni saratani ya ngozi, na sikio likikatwa ncha mapema, wengi hupona.

Mwanzilishi, Umoja: Asanteni. Kwenye matatu mbebeni ndani ya kikapu cha plastiki chenye mfuniko, taulo chini, leso juu. Akiwa gizani hatapambana sana.